Mtu Mmoja Aliyekamatwa na Ngoy

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Mume wangu husema hata nikipewa maji ya kunywa nayanusa kwanza, na ni kweli, nayanusa. Nimezaliwa Bukama, kando ya Lualaba, na ninajua watu wanafanya nini mtoni. Kwa hiyo Jumatatu ile, Kabongo alipoingia kwetu Kamina na shati lililopigwa pasi, akavua kofia mlangoni na kuniita yaya, dada mkubwa, mara tatu kabla hajakaa, nilijua ana jambo, na nilijua si la kunifurahisha.

Kabongo alikuwa gadi wa parki pamoja na mume wangu, Ngoy. Miaka ishirini na sita walitembea porini wawili, ng'ambo ya Bukama, wakikamata watu wanaoua nyati na viboko bila ruhusa. Mwaka huo wa 1984 wote wawili walikuwa wamechoka, lakini Ngoy alichoka zaidi, maana moyo wake ulikuwa umeanza kupiga vibaya.

"Yaya," Kabongo akasema, "commission imetoka Kinshasa. Iko inagawanya bagardes. Bale balikuwaka na kazi ya kukamata bantu, banabahesabu sawa bapolisi. Banatoka sasa na pension. Bale ba kukata majani tu bangoje myaka makumi sita."

Ngoy alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Daktari wa misheni alikuwa amemkataza milima na matembezi marefu, na parki walikuwa wameshamwandikia barua: asiporudi kazini mwaka mpya, jina lake litafutwa. Hesabu yenyewe haikuhitaji shule. Akiwekwa na polisi, tutaishi kwa pensheni yake. Akiwekwa na wakata majani, hatapata kitu, kwa sababu akirudi kule milimani atakufa, na asiporudi atafutwa.

"Na weye?" nikamuuliza Kabongo.

"Minyi banasha kunipitisha," akajibu, akiitazama kofia yake. "Jana."

Nikamwangalia vizuri. Alikuwa ameshakula, ndipo anakuja kutuambia chakula kipo.

Kesho yake niliongozana na Ngoy hadi kwenye chumba walichopewa wale wa tume, karibu na stesheni. Yeye nilimwacha nje kwenye benchi apumzike. Mume wangu akikabiliwa na mwindaji mwenye bunduki hatetemeki, lakini mbele ya meza ya karani husahau hata umri wake. Niliingia mimi.

Karani aliitwa Likoke. Baba yake alikuwa askari wa Équateur aliyehamishiwa base ya Kamina, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala. Alifungua faili la Ngoy, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Serment yake iko," akasema. "Alilapa mbele ya hakimu, ni vizuri. Mais PV hakuna."

"PV gani?"

"Karatasi ya kushitaki muntu. Garde anakamata muntu, anaandika PV, inaenda ku tribunal. Bwana yako, myaka makumi mbili na sita, hakuna hata moja yenye jina yake. Zote za poste ile ziko na jina ya Kabongo."

Nikafungua kikapu, nikaweka mezani samaki watatu wakubwa waliokaushwa vizuri. Likoke akawatazama, akawasukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Hapana, mama. Asante."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Karani anayekuomba kitu unajua pa kumshika. Karani anayekataa samaki wa Bukama, hivihivi tu, bila mtu kumtazama, huyo kuna mtu amemwahi, na nilijua jina la mtu huyo.

"Hakuna njia ingine?" nikauliza.

"Iko. Alete muntu mumoja alimukamataka. Muntu aje mbele ya commission vendredi, Ijumaa hii, aseme: njo huyu alinikamata. Mais asikuwe ndugu. Kule tumepita, bantu balileta bajomba yabo, balileta hata bashemeki, bote eti balikamatwa. Tumechoka kuchekwa. Kama ni ndugu, dossier tunaifunga."

Niliporudi nyumbani nilimketisha Ngoy, nikampa chai, nikamsubiri ameze mara mbili, kisha nikamuuliza kwa nini kazi yake yote ina jina la mtu mwingine.

"Njo vile tulikuwa tunafanya," akasema. "Minyi nakamata, Kabongo anaandika."

"Miaka yote?"

"Mukono yangu iko nzito ku kalamu. Yeye alisoma kwa bapadri. Na ukikamata muntu huwezi kumuachilia juu ya kuandika. Mumoja anashika, mwingine anaandika. Na mwenye kuandika anaandika 'minyi'. Njo karatasi inataka."

Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekimbia, aliyerukiwa na mbwa, aliyepigwa rungu la bega mwaka niliokuwa na mimba ya Denise, na kwenye karatasi Kabongo ndiye aliyefanya yote hayo akiwa amekaa kwenye jiwe na kalamu. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Ngoy alinywa chai.

"Basi tutafute mtu mmoja," nikasema. "Umekamata watu mia. Nitajie mmoja tu."

Akazungusha kikombe mkononi.

"Mmoja, baba Denise."

"Balikufa," akasema.

"Wote?"

"Bengine balienda Kolwezi, ku migodi."

"Hakuna hata mmoja aliyebaki Bukama? Kabondo-Dianda? Luena?"

Nilipotaja Bukama aliweka kikombe chini, akainuka, akatoka nje. Mtu aliyekatazwa na daktari kutembea, alitembea mpaka kwenye reli na kurudi. Nikabaki na kikombe chake, na kitu kilichokuwa kimenikaa moyoni miaka mingi kikaanza kusogea.

Kila mwaka, kabla ya Noeli, Ngoy alikuwa anatuma kifurushi Bukama. Hakukipeleka mwenyewe. Alimpa konda wa treni, mtu wa kanisani kwetu, wakasemezana kwa sauti ya chini. Nilikiona mara ya kwanza nikiwa na Denise mgongoni. Sikuuliza. Nilijiambia ni deni, mwanaume ana madeni yake. Lakini kifurushi kilikuwa laini, na deni la kulipwa kwa kitu laini kila mwaka ni deni la namna moja tu.

Nilikwenda kwa Kabongo jioni ileile. Alikuwa uani kwake anatengeneza mguu wa kiti. Sikukubali kukaa.

"Ulimuibia mwenzako myaka yote," nikamwambia. "Sasa uko na pension, yeye iko na karatasi ya daktari. Ulipanga toka siku ya kwanza?"

Hakukasirika, na hilo likanizidishia shaka. Aliweka nyundo chini.

"Yaya, minyi nilienda kwa Likoke kusema njo Ngoy alikuwa anakamata. Alisema neno ya garde juu ya garde mwenzake habakubali. Tena alisema, kama si weye njo ulikamata, PV zako ni za bongo, za uwongo, tukufute na weye? Nikanyamaza. Niko na batoto."

"Basi nipe jina la mtu."

Akapangusa vumbi la mbao magotini.

"Iko mumoja," akasema. "Alifungwa myezi tisa. Iko muzima. Iko Bukama."

"Jina yake?"

"Ni mwanamuke, yaya. Jina uliza bwana yako." Akachukua kiti chenye miguu mitatu, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.

Mwanamke. Bukama. Vifurushi laini. Nililala na nguo za safari, na asubuhi nikamwambia Ngoy napanda treni kwenda kununua samaki. Alisema niende vizuri. Nilimtazama usoni kutafuta wasiwasi, nikaupata, nikakaza kilemba.

Mama yangu, Élisa, alikuwa anauza samaki bandarini Bukama tangu kabla sijazaliwa. Hakuna mwanamke wa mji ule ambaye hakumjua, na kama Ngoy alikuwa na nyumba pale, mama angejua mpaka rangi ya mlango. Nilimkuta juu ya uchanja wake anageuza samaki kwenye moshi. Nikaanza kumwaga yote bila kupumzika: tume, karani, Kabongo, PV, na mwanamke wa miezi tisa ambaye mume wangu amemficha hapahapa chini ya pua zetu na kumvisha kila Noeli.

Mama aliendelea kugeuza samaki. Alimaliza mstari mmoja, akaanza wa pili.

"Njo minyi," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia nauliza habari ya mwanamke aliyefungwa.

"Njo minyi nakuambia. Ikala chini, utaanguka ku moto."

Nikakaa.

Mwaka 1971, akasema, samaki walikuwa wachache, na watu wa ng'ambo walikuwa wanamletea nyama ya nyati iliyokaushwa. Alikuwa anaiweka chini ya kikapu, samaki juu. Alikuwa anavuka nayo na wanawake wengine wawili pembeni mwa parki, asubuhi, ukungu haujaisha, magadi wakatokea. Wale wawili wakakimbia. Yeye alikuwa na kikapu kichwani, gadi mmoja akamkamata mkono.

Hapa lazima nieleze kwa asiye wa kwetu. Sisi Waluba, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Tunaita buko, na ni heshima kubwa kuliko zote. Mkwe akiona mama mkwe anakuja njiani, anaingia majani. Akifika kwake, anaita akiwa nyuma ya ukuta, na chakula kinapelekwa na mtu mwingine. Kumshika mkono ni kitu ambacho sijawahi kusikia hata kwa mlevi.

"Nilisema tu, 'Achia, nitamwaga samaki,'" mama akaendelea. "Akasikia sauti. Sauti yangu anaijua, alikuwa anaisikia nyuma ya ukuta ya lupango. Aliachia sawa moto umemuchoma. Akageuka, akafunika uso na kofia, akaingia mu majani. Nikasikia analia. Hapo njo niliyua ni nani."

"Na Kabongo?"

"Kabongo alitaka kuniachilia. Mais conservateur, mukubwa wa parki, alikuwa mu jeep, iko anatazama. Kabongo akaandika. Alisema, mama, nitaandika jina yangu, ile ya mukwe yako sitaweka, muntu haandike mama mukwe yake mu karatasi ya serikali."

Nilikuwa nimemwita mwizi siku moja iliyopita, uani kwake, mkewe akisikia.

Halafu nikahesabu miezi. Denise alizaliwa mwaka huo. Mama hakuja. Kila binti wa kwetu akizaa mtoto wa kwanza, mama yake anakuja kumwosha mtoto na kumpikia, na mimi niliambiwa mama amekwenda Likasi kumwuguza dada yake. Nilizaa mikononi mwa jirani, mke wa fundi wa reli. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimemwekea mama yangu kinyongo kwa hilo, na nilihakikisha analijua: kila nilipomtembelea nilikuwa naingiza jina la jirani yule katika mazungumzo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Ungeacha bwana yako. Siku nilitoka mu prison, ulikuwa na mutoto ya mwezi mumoja." Akafuta mikono. "Yeye anaomba musamaha kila mwaka. Anatuma kitambaa. Biko yote mu sanduku, sikushona hata kimoja."

Walikuwa wamekaa na siri ile miaka yote na hakuna aliyewashuku, hata mimi ninayenusa maji. Hawakuonana, lakini nani angetegemea waonane? Hawakusemezana, na watu walisema, tazama familia yenye heshima. Nilimkasirikia Ngoy kwa muda wa kutosha kuchemsha chai. Halafu nikamwona amesimama kwenye majani na kofia usoni, na hasira ikanitoka, ikabaki huzuni.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Minyi niko na karatasi ya kutoka mu prison. Iko mu kitabu cha nyimbo. Nitakuja vendredi."

"Hawataki ndugu, mama. Wakijua wewe ni nani, faili linafungwa."

"Batayua namna gani? Mu karatasi ya prison niko Élisa. Sasa majina ya ubatizo yamekatazwa, mu carte ya sasa ya kitambulisho niko na jina ya nkambo, ya bazee ba zamani. Ya kwako ni ingine tena. Hakuna karatasi inatuunganisha." Akanitazama. "Nilikula myezi tisa bule. Basi ituletee kitu."

Tulipanga kila jambo pale kwenye moshi. Atakuja kwa treni peke yake, atalala kwa watu wa kanisa, hatakanyaga kwetu. Mimi nitamwandikisha kwa Likoke kama mwanamke niliyemtafuta sokoni. Hatutasalimiana. Ngoy nitamwambia nimepata mvuvi, kwa maana akijua ni nani hatatoka nyumbani; angekubali kufutwa kuliko kumsimamisha mama mkwe mbele ya meza ya serikali mara ya pili. Nilirudi Kamina nimetosheka. Nilidhani nimefikiria kila kitu.

Ijumaa chumba kilijaa. Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu wa Kinshasa aliyekuwa anajipepea na faili, hakunisumbua. Aliyenisumbua ni mzee aliyeketi mkono wake wa kulia, aitwaye Mwanza, mtu wa Kabondo-Dianda, Mluba kama sisi. Tume ilikuwa imemchukua kwa kazi ya kuuliza maswali, na alikuwa na namna ya kumwacha mtu amalize kusema halafu anaendelea kumtazama kama vile bado.

Magadi waliobaki walikuwa sita. Wake zao tulikaa kwenye benchi ukutani, na mlangoni kila mmoja wetu aliitwa sitwayene, raia, kama serikali ilivyotaka tuwaite watu tusiowajua. Likoke akaita shahidi wa Ngoy, na mama akaingia, kilemba cheupe, karatasi mkononi. Sikumtazama. Niliangalia viatu vyake, vilikuwa vya Jumapili.

Mwanza alisoma ile karatasi mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Umelala ku prison ya Bukama myezi tisa."

"Ndiyo, baba."

"Nani alikukamata?"

"Garde. Jina yake Ngoy, walisema vile."

"Jina unaweza kuambiwa ku mulango." Akainuka, akawapanga magadi wote sita ukutani, bega kwa bega, Ngoy wa nne. Akamgeuza mama ili atupe mgongo sisi wa kwenye benchi. "Batazame. Bote. Utuonyeshe ni nani."

Mama yangu alikuwa hajawahi kuuona uso wa mume wangu.

Siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nyumba. Picha niliyompelekea aliikunja upande wa Ngoy, akaiweka mezani nikiwa nimebaki peke yangu na shada. Siku ile ya ukungu alijua sauti na kilio, basi. Tulikuwa tumepanga treni, malazi, majina na karatasi, sisi wawili tulioishi na buko tangu kuzaliwa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mama hamjui Ngoy kwa sura. Kumpa ishara sikuweza. Alikuwa amenipa mgongo, na Mwanza alikuwa ananitazama mimi.

Mama akainua kichwa. Akaanza na wa kwanza. Yule gadi akamtazama, kama mtu anavyomtazama mwanamke mzee asiyemjua, kwa uvumilivu kidogo. Wa pili akamtazama. Wa tatu akapiga chafya, akaomba msamaha, akamtazama.

Ngoy alikuwa ameshamjua tangu aliposema "Ndiyo, baba". Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Nilimwomba Mungu amtazame. Halafu nikakumbuka kwamba akimtazama kama wenzake, mama hatakuwa na njia ya kumtofautisha, nikaomba asimtazame. Halafu nikamwona Mwanza, Mluba, mtu mzima, ameacha kunitazama mimi na ametulia juu ya uso wa Ngoy, na nikajua alikuwa anangoja hilohilo. Sikujua tena niombe nini.

Ngoy akainamisha kichwa. Hakuinamisha kidogo. Aligeuza uso wote pembeni, kidevu kwenye bega, mkono ukapanda kutafuta kofia ambayo hakuwa nayo.

"Njo huyu," mama akasema.

Mwanza akasogea karibu naye, akasema taratibu, karibu kwa upole:

"Mama, hawa batano banakutazama. Huyu mumoja anaficha uso. Kwetu muntu anaficha uso mbele ya nani?"

"Baba," mama akajibu, "muntu alinitupa mu prison myezi tisa juu ya kikapu ya nyama. Unataka anitazame na macho gani?"

Mwenyekiti wa Kinshasa akacheka kidogo, akaacha kujipepea. Mwanza hakucheka.

"Si mukwe yako?"

"Hapana."

"Uko na batoto?"

"Banne."

"Babinti?"

Nilisikia mama akivuta pumzi. Hilo hatukulipanga.

"Baume tupu," akasema. "Sikuzaa mwanamuke."

Likoke aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza. Mwanza akarudi hadi kwenye meza, akasimama, halafu akageuka pole pole kuelekea benchi, akaninyooshea karatasi ya gereza kana kwamba nisome.

"Na weye, mama Ngoy. Njo weye ulimuandikisha. Huyu muzee unamuyua toka wapi?"

Mama akageuka pia. Ndipo nilipomwona uso. Alikuwa amekonda kwenye mashavu kwa siku mbili tu, na chini ya jicho la kushoto alikuwa na alama nyeusi ya moshi ambayo hakuifuta vizuri. Mkono wangu ulitaka kunyanyuka kuifuta. Niliukalia.

"Ku soko ya Bukama," nikasema. "Niliuliza bantu nani alifungwaka, bakanionyesha yeye."

"Mbele ya pale?"

"Simuyue."

Alinitazama muda ule wake wa bado. Mimi nikatazama ukuta juu ya kichwa cha mama. Mwishowe akampa Likoke karatasi, akasema neno moja, na Likoke akapiga muhuri kwenye faili la mume wangu, akaandika chini yake: agent de police judiciaire, yaani wa kuhesabiwa na polisi. Ngoy alikuwa bado amegeuza uso.

Mama aliweka kidole kwenye wino, akakiweka mahali alipoonyeshwa. Likoke akampa kitambaa afute. Alijifunga kilemba upya, akapita mbele ya benchi letu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya samaki kwenye nguo zake za Jumapili, akasimama kwangu, kwa kuwa ni mimi niliyemwandikisha na Mwanza alikuwa anatazama.

"Bakia muzuri, sitwayene," akaniambia.

"Wende muzuri, sitwayene," nikamjibu.